Mtu wa Kuniangalia Nikimeza

Kama umetoka kliniki leo na vidonge kwenye bahasha ya kaki, na bahasha umeibana kwapani ndani ya koti kama mtu aliyeiba kuku, kaa hapa tuongee. Mimi nilivimeza miezi sita na nilivimaliza. Sitakueleza vijidudu vya kifua kikuu vinafananaje, sijawahi kuviona, na nesi aliyejaribu kunichorea alichora kitu kama maharage. Nitakueleza yale ambayo hayakuandikwa kwenye karatasi waliyokupa.

Naitwa Gaudensi. Nina mashine ya kusaga nafaka hapa Sumbawanga, upande wa barabara ya kwenda Kasesya. Na mtu wa mashine hukohoa, hilo kila mtu analijua, na ndilo lililotaka kuniua. Nilianza kukohoa wakati wa mavuno, foleni ya magunia imefika barabarani, na kila aliyenisikia alisema, "Pole na vumbi." Hata mimi nilijipa pole na vumbi. Juni ikaja na ule upepo wetu unaoingia mpaka kwenye mifupa, nikasema ni baridi. Julai nikawa naamka shuka linakamulika kwa jasho, katika mji ambao watu wanalala na makoti, nikasema ni blanketi jipya. Mtu akiamua kujidanganya hakosi sababu.

Mizani ndiyo iliyonifichua. Pale mashineni nina mizani ya kupimia magunia, na asubuhi moja ya Septemba, hakuna mteja, nilipanda juu yake. Nikashuka, nikapandisha gunia la mahindi la debe nne. Gunia lilinizidi. Mwaka uliotangulia mimi ndiye niliyekuwa nalizidi gunia, tena kwa zaidi ya nusu debe. Nikaitazama suruali yangu, ambayo kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeifunga kwa kamba ya katani huku nikilaumu mkanda kwamba umelegea.

Wakati huo akaingia Maige, Msukuma mfugaji anayekaa nje ya mji, mteja wangu wa miaka mingi.

"Mzee Gaude, unajiuza kwa kilo?"

"Napima tu."

Alinizunguka taratibu, akanitazama mbavuni kama anavyotazama mnyama mnadani. "Mimi ng'ombe wangu akikonda hivi simpeleki mnadani, mzee. Namwita daktari."

Kwa hiyo nilikwenda hospitali kwa sababu niliona aibu mbele ya ng'ombe.

Benchi la wanaokohoa liliwekwa nje, kando ya ukuta, mahali ambapo upepo unapita bila kupiga hodi. Tulikuwa saba. Jirani yangu wa kulia aliniambia amemsindikiza shemeji yake. Nikamwambia na mimi nimemsindikiza mtu. Mama aliyekaa mwisho akasema kamleta mwanawe. Tulikaa pale asubuhi nzima, wote wasindikizaji, na aliyesindikizwa hakuonekana hata mmoja. Nesi alipotoka kuita majina tuliinuka mmoja mmoja bila kutazamana.

Wakanipa kikopo nikohoe ndani yake asubuhi kabla sijala. Mimi niliyekohoa tangu mavuno mpaka popo wakahama darini, siku hiyo sikupata kitu. Nilikohoa, nikarukaruka, nikainama kama anayetafuta sindano, kifua kimetulia kama cha mtoto mchanga. Nilipokata tamaa na kukitia kikopo mfukoni, kikohozi kikaja. Nakwambia hivi ili yakikupata usidhani umepona.

Majibu yalipotoka, nesi mmoja aliyeitwa Sista Eda alinikalisha mbele ya meza, akafungua fomu. Alikuwa na sura ya mtu mwenye haraka na sauti ya mtu asiye na haraka.

"Baba, hizi dawa utameza kila siku kwa miezi sita. Tunataka mtu wa kukuangalia ukimeza. Mama yupo?"

"Alitangulia. Huu mwaka wa tisa."

"Watoto?"

"Mmoja. Yuko Tunduma na malori. Krismasi hupiga simu."

"Ndugu wa karibu? Mpangaji?"

"Nina mashine," nikasema.

"Mashine haina macho, baba." Akaweka kalamu chini. "Nitajie mtu mmoja tu ambaye asubuhi asipokuona, atauliza kulikoni."

Ndugu yangu, nimewahi kukatwa kidole na mkanda wa mashine, na hakikuuma kama swali lile. Mtaa mzima unakula unga wangu. Nawajua watu kwa magunia yao, nani anachanganya mahindi na ulezi, nani anadai pumba zake mpaka punje ya mwisho. Nikawapitia wote kichwani, mmoja baada ya mwingine, nikaona kwamba siku wakikuta mlango wangu umefungwa watauliza mashine nyingine iko wapi.

Jina likanitoka lenyewe. "Oresta Leonsi," nikasema, na namba ya simu nikaitaja.

Sasa nikueleze kwa nini nililijua jina lile lote pamoja na namba. Oresta ni jirani yangu, mjane, na mtaani hakuna anayemwita Oresta. Ni Mama Zeno. Anafuga mabata. Mabata yake yalikuwa yakija mashineni kula pumba na kuacha uchafu juu ya magunia ya wateja, na tulikuwa tumegombana kwa ajili hiyo miaka minane. Wiki ileile nilikuwa nimempelekea mtendaji wa mtaa barua ya malalamiko, na mtendaji alitaka jina kamili la mlalamikiwa na namba yake. Basi lilikuwa bado liko moto kichwani.

"Ni nani yako?" aliuliza Sista Eda.

"Tunagombana."

Akanitazama juu ya miwani. "Kugombana si undugu, baba. Naandika jirani."

Nilidhani fomu itakwenda kulala kabatini kama fomu nyingine zote za dunia hii. Nilikuwa na mpango wangu, nitameza mwenyewe, mlango umefungwa, na hakuna atakayejua. Maana hilo ndilo lilikuwa wazo langu kubwa kuliko hata la kupona. Nani atakula unga uliosagwa na mtu wa kifua kikuu? Siri ikitoka, mashine imekufa, na mimi bila mashine sikujua ni nani.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi mlango ukagongwa. Nikafungua. Mama Zeno amesimama na kikombe kilichofunikwa sahani, nyuma yake mabata kumi na moja yamepanga mstari.

"Gaudensi, nimepigiwa simu."

"Na nani?"

"Na hospitali. Wanasema umeandikisha jina langu." Akaingia bila kukaribishwa, akaweka kikombe mezani. Uji wa ulezi. "Vidonge viko wapi?"

"Mama Zeno, mimi ni mtu mzima, nitameza…"

"Fungua mdomo."

Nilifungua. Vilikuwa vidonge vinne, vikubwa. Alinitazama vikishuka kimoja kimoja, kisha akasema, "Inua ulimi," nikauinua, akachungulia kama anayetafuta kuku aliyejificha uvunguni. Miaka minane mwanamke yule alikuwa anataka kuniamuru kitu, na sasa serikali imempa kibali.

Siku za kwanza usizisahau, zitakutisha. Mchana wa siku ya kwanza nilikwenda chooni nikakuta mkojo wangu una rangi ya soda ya chungwa. Hakuna aliyenionya, au alinionya nikawa nawaza mabata. Nikapiga kelele juu ya uzio, "Mama Zeno! Nakojoa damu!"

Akajibu kutoka uani kwake, "Nyamaza! Ni zile dawa! Zinafanya kazi!"

Tulidhani tuko wawili. Mama mwuza vitumbua wa upande wa pili alikuwa anaanua nguo.

Nesi aliniambia nisikaribiane na watu kwa wiki mbili za mwanzo, kwa hiyo nilibandika kibao mlangoni, "Mashine mbovu." Nikakaa ndani nikiwasikiliza wateja. Wanafika, wanasoma, wanapandisha gunia tena kwenye baiskeli, wanaondoka. Hakuna aliyeuliza mwenye mashine yuko wapi. Mchana nilisikia mashine ya mtaa wa pili ikinguruma na mahindi ambayo kwa haki yalikuwa ya kwangu. Niliumia. Nasema wazi kwamba niliumia kuliko kifua, nikageuka ukutani nikalia kama mtoto, mtu wa miaka hamsini na minane.

Lakini saa kumi na mbili asubuhi mlango uligongwa. Kila siku. Kwaresima haijafika lakini mimi nilikuwa na njia yangu ya msalaba: mlango, kikombe, vidonge, ulimi. Nilitapika, akasubiri, akafuta, akasema twende kliniki tukaulize. Nilinuna, akanuna zaidi. Nilimwambia uji wake una mabonge, akasema mabonge ni ya watu wenye meno. Alikaa pembeni ya dirisha lililo wazi kama alivyoelekezwa, mtandio puani, na tuligombana mpaka kikombe kikaisha. Wiki ya tatu nikajikuta naamka kabla hajagonga, nimenawa uso, nimekaa kwenye kigoda nikifikiria la kumjibu.

Nikafungua mashine. Nilisema imepata kipuri. Wateja wakarudi kama walivyoondoka, bila neno.

Moshi wa mashamba yaliyochomwa ukaisha, mvua za kwanza zikaanguka, watu wakaenda kupanda. Njaa ikanirudia, njaa ya ajabu, nikala maharage ya Mama Zeno, nikala dagaa wake wa Kipili, nikala na kumbikumbi aliowakaanga. Kwenye mizani nilikuwa bado chini ya gunia, lakini nilishalikaribia.

Ndipo ukaja ujumbe wa watu wawili.

Ilikuwa siku ya Jumapili baada ya misa. Mzee Kalisti, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akabisha hodi pamoja na katekista. Nikawaamkia, nikawapa viti. Mzee Kalisti alikohoa kidogo, sio kikohozi cha ugonjwa, kile cha mtu anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Gaudensi, kijana wangu. Sisi hatukuja kuhukumu."

"Karibuni."

"Mama Zeno anaonekana anatoka kwako kila asubuhi. Na kikombe."

Nikaisukuma bahasha ya dawa chini ya meza kwa mguu.

"Mke wako alishatangulia, mume wake vilevile. Hakuna pingamizi. Lakini kukaa hivihivi bila ndoa, na yeye ndiye anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya, watoto wanaona." Akasogeza kiti. "Tena mfanye haraka. Majilio hayo yanaingia, na padri wetu hafungishi ndoa kwenye Majilio."

Katekista akaona aongeze lake, akashusha sauti. "Na tumesikia kwamba unatumia dawa. Mama wa vitumbua alisikia kwamba zinafanya kazi. Sisi ni wanaume, tunaelewa. Ila kwa umri wako, taratibu."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ilikuwa ni kusema neno moja tu. Lakini nje, mlangoni pa mashine, niliona magunia matano yamepangwa yakinisubiri kesho. Nikayatazama magunia, nikamtazama Mzee Kalisti, nikasema, "Tumesikia, mzee. Tutaliangalia."

Yaani niliona bora niitwe mzinzi kuliko niitwe mgonjwa. Wakaondoka wamefurahi, wakidhani wamevua samaki.

Kesho yake Mama Zeno alikuja saa kumi na mbili kama kawaida, lakini hakugombana. Uji ulikuwa laini, na hilo lilinitia wasiwasi. Nikameza, nikainua ulimi. Nikamwuliza kuna nini.

"Nimeambiwa nikae chini kwenye kwaya," alisema. "Mpaka mambo yakae sawa."

Ujue Mama Zeno ana sauti. Hana shamba kubwa, hana nyumba ya maana, mwanawe Zeno yuko mbali na ana mambo yake. Ana mabata na ana ile sauti. Jumapili anapoanza wimbo kanisa zima hugeuka, na kwa dakika ile kila mtu anajua kwamba Oresta yupo.

"Kwa nini hukuwaambia kweli?" nikamwuliza.

"Ugonjwa ni wako, Gaudensi. Niuseme mimi kama nani?"

Akachukua kikombe akaondoka, mabata nyuma yake. Nilikaa pale kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuumwa sikujionea huruma. Nilijionea aibu. Nilikuwa nimelilia mtu wa kuniuliza kulikoni, nikampata, na sasa nilikuwa namlipisha jina lake kwa ajili ya magunia matano.

Jumamosi jumuiya ilisali kwa Mzee Kalisti. Nilifika mapema, nikakaa karibu na mlango kwa ajili ya hewa na kwa ajili ya kukimbia. Mama Zeno alikaa upande wa pili, kichwa kimeinama. Baada ya sala, mwenyekiti akasimama na uso wa sherehe. Akatangaza kwamba jumuiya imejichanga kimyakimya kwa ajili ya wenzetu wawili. Jogoo yupo. Kitenge kipo. Na kina mama wameshaloweka ulezi wa pombe yetu ya kimpumu, umeshachipua, unaanikwa juani.

Nikasimama.

"Mzee Kalisti, shikamoo tena. Mimi sioi. Mimi naumwa kifua kikuu. Nameza dawa kila asubuhi, na huyu mama hospitali ilimpa kazi ya kuniangalia nikimeza. Anakuja, ananitazama mdomoni, anakwenda kwake. Basi. Mlimkalisha chini bure, na mimi nilijua kuwa ni bure nikanyamaza, kwa sababu niliogopa mtaacha kuleta mahindi."

Waliokuwa karibu nami kwenye benchi wakasogea kidogo, kama watu wanaompisha mtu asiyeonekana. Nikawaambia nesi amesema sasa siambukizi tena. Wakarudi nusu ya pale walipotoka.

Mzee Kalisti bado alikuwa amesimama. "Kwa hiyo harusi hakuna?"

"Hakuna, mzee."

"Na ulezi umeshachipua!"

Hapo ndipo huzuni ilipowashika kina mama. Ukishauchipuza ulezi huwezi kuurudisha ghalani, lazima uwe pombe. Wakaanza kuulizana kama kuna mtu yeyote katika jumuiya anayeweza kuoa kabla ya Majilio.

Mama Zeno akainua kichwa. Nilidhani atanishukuru.

"Kwa kuwa leo Gaudensi anasema kweli," alisema, "aseme na habari ya mabata. Aseme nani anamwaga pumba nje makusudi, halafu anapeleka barua kwa mtendaji."

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Nami nikacheka, nikakohoa, wakanyamaza wote kwa pamoja, kisha wakacheka tena. Kimpumu kilipikwa. Tukakinywa, yaani wakakinywa, maana mimi nilikatazwa, nikakaa katikati yao na kikombe changu cha uji katika harusi isiyokuwa na harusi. Jumapili Mama Zeno alianza wimbo. Watatu katika jumuiya walikwenda kupima kifua wiki ile, akiwemo katekista, na wote waliniambia kwamba wanamsindikiza mtu.

Mashine ikakauka. Siku tisa hakuna gunia. Sikudanganyi kwamba haikuniuma. Siku ya kumi Maige akaingia na magunia matatu, akayatupa chini.

"Nimesikia," alisema.

"Basi mbona umekuja?"

"Mzee, mimi nilimeza hizo mwaka ule nahamia huku. Hukuwahi kuniuliza kwa nini nilikuwa nakohoa kuliko mashine yako." Akakaa juu ya gunia. "Washa hiyo kitu, nina safari."

Kweli sikuwahi kumwuliza. Miaka yote ile nilimpa pole na vumbi. Wateja wengine wakarudi mmoja mmoja, si wote.

Nikuonye kuhusu Januari yako, mwezi wowote itakapoangukia. Ni ule mwezi wa nne ambao unajisikia mzima. Unapanda ngazi, unabeba gunia, unalala usiku kucha, na vidonge vinanuka kuliko zamani. Asubuhi moja nilivibana shavuni, nikainua ulimi vizuri kabisa, Mama Zeno akachungulia, akaondoka. Nikavitema kwenye pumba. Nilijiona mjanja.

Bata mmoja alikuwa akichakura zile pumba Mama Zeno aliporudi kuchukua sahani aliyoisahau. Akainama, akaokota kidonge. Nikangojea kelele. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda changu kwa uzito.

"Leonsi alipewa vidonge hivihivi, alikuwa ananiambia amemeza," alisema. Leonsi ndiye mumewe, Mungu amrehemu. "Nilikuwa nakwenda Kasesya na maharage, siku tatu, siku nne. Nikirudi namwuliza, umemeza? Anasema nimemeza. Tulipomzika nikafungua kopo lake la misumari. Vilikuwa humo, Gaudensi. Vimejaa."

Nilitoa vidonge vingine kwenye bahasha nikavimeza mbele yake, nikafungua mdomo, nikaacha wazi mpaka taya likauma.

"Unajua kwa nini nilikuja ile siku ya kwanza?" akaniuliza. "Jina langu limeandikwa nilipobatizwa na nilipoolewa. Zaidi ya hapo mimi ni Mama Zeno tu. Halafu napigiwa simu, dada wa watu ananiita Oresta Leonsi, anasema kuna mgonjwa amenitaja mimi."

Ikabidi niseme kweli, maana nilishaonja. "Jina lako nililitoa kwenye barua ya mabata."

"Najua. Mtendaji alinisomea yote. Umeniita mkorofi mara mbili." Akasimama, akajifunga kanga. "Lakini walipokuuliza nani ataulizia asubuhi, ulinitaja mimi."

Tangu siku hiyo sikubana hata kidonge kimoja.

Nilimaliza katikati ya Machi, mvua bado inanyesha, watu wako mashambani wanafukia majani kwenye matuta. Sista Eda alipiga muhuri kwenye kadi, akanipa mkono. Nikarudi mashineni moja kwa moja nikapanda mizani, kisha nikapandisha gunia. Nililizidi. Nikamwita Mama Zeno aje aone, akasema gunia lenyewe limepungua.

Kesho yake niliamka, nikanawa, nikakaa kwenye kigoda. Saa kumi na mbili ikafika, mlango haukugongwa. Bila shaka, kazi imekwisha. Nilijiambia hivyo mara kadhaa. Ilipofika saa moja na nusu nikakoroga uji mwenyewe, ukatoka mabonge matupu, nikaufunika sahani nikavuka uzio.

Mabata yalikuwa bado yamefungiwa bandani, yanapiga kelele. Mama Zeno amekaa kizingitini, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Akasema si kitu, ni kichwa tu, kinamsumbua tangu mwaka jana. Akasema aliwahi kupewa dawa za presha ila anapokuwa mzima haoni sababu ya kumeza. Aliposema hivyo alinitazama, akajua kwamba amejikamata mwenyewe.

Tulikwenda kwa bodaboda, yeye mbele, mimi nyuma nimeshikilia mkoba wake. Sista Eda alimpima, akatikisa kichwa, akampa vidonge, kisha akavuta fomu.

"Mama, hizi ni za kila siku. Nani atakuangalia kama umemeza?"

"Gaudensi wa mashine."

"Ni nani yako?"

Mama Zeno akageuka akaniangalia kuanzia viatuni mpaka kichwani, kama anayekagua gunia kabla ya kulipokea.

"Tunagombana," alisema.

Sista Eda alitutazama wote wawili, akainama, akaandika hivyohivyo.